Obdulia na Mlango wa Kando

Padri mpya alipoanza kuwa mwema, ndipo Obdulia alipoacha kumwamini.

Mpaka siku ile hakuwa na neno naye. Alimwona kama mapadri wote wanaoletwa kwetu kutoka milimani: anafika na koti lisilohitajika, anapigwa na ule upepo wa kaskazini unaoangusha hata malori barabarani, anakohoa mwezi mzima, kisha anazoea. Lakini Padri Anselmo alikuja nyumbani kwake bila kuitwa, asubuhi ya siku ya soko, akainama kupita chini ya kamba ya nguo, akakubali kiti, akakubali kahawa, akatafuna chapati kavu ya mahindi bila kulalamikia meno. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama daktari anayemuuliza mgonjwa panapouma:

"Dada, ungependa nikuite jina gani?"

Obdulia alikuwa anadarizi ua jekundu kwenye kitambaa cheusi cha mahameli. Hakuinua kichwa.

"Jina langu hata mbwa wa sokoni wanalijua, Padri. Niite Obdulia."

"Obdulia," padri akasema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu.

Akaeleza shida yake. Kanisa lilikuwa linakaribia kumalizika. Alikuwa amesikia jinsi muxe, watu kama Obdulia, walivyotendewa na kanisa zamani, na moyo wake haukutulia. Upande wa kushoto wa jengo jipya kulikuwa na kikanisa kidogo. Alitaka kiwe chao. Wawe na Misa yao Jumamosi alasiri, na Obdulia akipambe apendavyo, hata akitaka kukijaza karatasi za rangi mpaka darini.

"Mahali penu," alisema. "Pa kusali kwa amani, bila macho ya watu."

"Bila macho ya watu," Obdulia akarudia, akakata uzi kwa meno.

Padri alipoondoka, kikombe chake kilibaki pale juu ya meza na kahawa nusu. Obdulia alikitazama muda mrefu. Hakumkumbuka mtu yeyote wa kanisa aliyewahi kumletea kitu mkononi. Kila aliyekuja alikuja kuchukua.

Alizaliwa Obdulio, kitinda mimba wa Bi Epifania muuza samaki. Bibi yake ndiye aliyemwona kwanza, siku alipomkuta amejifunga mtandio wa mama yake na kuwahubiria kuku. "Huyu muxe," bibi alisema. "Shukuru Mungu, Epifania. Hao wengine wataoa na kuolewa wakuache. Huyu utazeeka naye." Ndivyo tulivyo huku: muxe huzaliwa na mwili wa mwanamume na moyo wake mwenyewe, hakuna mtaa usio na wake, na hakuna harusi inayopendeza bila mikono yao. Baba yake hakushukuru. Alimpiga kwa mkanda, kwa kamba ya nyavu, kwa chochote kilichokuwa karibu, mpaka Bi Epifania aliposimama katikati yao siku moja na sufuria ya maji ya moto. Hakumwaga. Alisimama tu nayo, mvuke ukimpanda usoni, na mkanda ukarudi kiunoni kwa mwenyewe.

Kwa hiyo Obdulia alizeeka na mama yake kama ilivyotabiriwa. Alimwogesha, alimlisha, alimfumba macho. Mtaa mzima ulimsifu. Alikuwa mtoto mwema kuliko watoto wote wa Bi Epifania, walisema, na walimaanisha. Lakini sifa zile zilikuwa na mpaka kama mwanga wa taa ulivyo na mpaka, na mpaka wake ulikuwa kizingiti cha kanisa.

Alikuwa kijana bado alipovaa sketi na blauzi ya kudarizi kwa mara ya kwanza kwenda Misa, mkono kwa mkono na mama yake. Padri wa wakati ule alimpa komunyo Bi Epifania, kisha akampa mwanamke aliyesimama nyuma ya Obdulia. Alimruka tu, kama mtu anavyoruka jiwe. Wiki ileile, sikukuu ya mtakatifu ilipokaribia, padri yuleyule alimtuma mtunza sakristia aje amwombe Obdulia apambe altare, kwa sababu mji mzima haukuwa na mtu wa kuyafunga maua kama yeye. Apitie mlango wa kando, aliambiwa, asubuhi, kabla watu hawajafika.

Akaenda. Aliendelea kwenda miaka na miaka, chini ya padri huyo na wengine waliofuata. Aliosha vitambaa vya altare, alivipiga pasi, alipanga maua, kisha alitoka na ndoo zake na kusimama nje ukutani na muxe wenzake, wakiisikiliza Misa dirishani kama watu wanaosikiliza redio ya jirani. Kanisa lilimtaka mikono. Mdomo wake lilikuwa halina haja nao.

Wengine walikasirika wakaacha dini. Obdulia hakuweza. Alikuwa anaamini, na kuamini kwake kulikuwa kama kilema cha mguu: alikwenda nacho kila mahali. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kukaa benchi katikati ya watu na kupanga foleni ya komunyo na wengine. Hakuwahi kumwambia mtu.

Kisha ardhi ikatetemeka na kanisa likaanguka. Mungu anisamehe kwa kusema hivi, lakini ile miaka ya turubai ilikuwa miaka mizuri. Misa ilisomwa uani, chini ya turubai la buluu lililofungwa kwenye minazi, na turubai halina mlango mkubwa wala mlango wa kando. Watu walikaa palipo na kivuli. Sanamu ya Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wetu, ilikuwa imevunjika vipandevipande, ikabidi waazime nyingine kwa Crisanta, muxe mwenye baa. Nyumba yake nayo ilikuwa imeanguka, ila Mtakatifu Vinsenti wake wa urithi, wa mbao, mrefu kama mtoto wa miaka kumi, alitoka kwenye kifusi bila mkwaruzo. Mji mzima ukapiga magoti mbele ya mtakatifu wa Crisanta, na Crisanta hakuchoka kuwakumbusha.

Ni kwake Obdulia alikokwenda na habari za padri. Crisanta alikuwa nyuma ya kaunta, mnene, feni ikimpuliza shingoni, anamenya kamba wakavu.

"Kikanisa chetu wenyewe!" akapiga kaunta kwa kiganja. "Na tutakipaka rangi ya waridi."

"Mbona kando, Crisanta?"

"Kando ya nini?"

"Kando ya wengine. Mbona Jumamosi? Mbona bila macho ya watu?"

"Wewe ni mtu wa ajabu, bibie. Ukipewa maji unauliza kisima kilichimbwa na nani."

"Nauliza, ndiyo."

"Basi utakufa na kiu." Crisanta akajitupia kamba mmoja mdomoni, akatafuna. "Mimi magoti yangu yamekwisha, moyo wangu unadunda unapotaka. Nikipewa pa kuketi, naketi. Sitauliza benchi lilitoka mti gani."

Obdulia akaenda kuuliza. Alimkuta fundi Chano juu ya jukwaa, amejaa chokaa mpaka kope.

"Chano, kile kikanisa mlango wake unatokea wapi?"

"Uchochoroni, Bi Obdulia. Kwa mwuza mkaa."

"Na hili tao la kuingilia kanisa kubwa?"

"Tunaliziba. Lakini si kwa tofali, usijali! Kwa mbao za kuchonga, zenye majani na zabibu. Litapendeza kweli."

"Nani alitaka lizibwe?"

Chano akajifuta pua kwa mkono wa shati, chokaa ikazidi. "Kina mama wa chama cha mtakatifu. Walimwambia padri ni vizuri kila mtu asali kwa nafasi yake. Mimi ni fundi tu."

"Kina mama gani?"

"Wote wote."

"Chano."

"Bi Rufina ndiye aliyesema zaidi," Chano akasema, akageukia ukuta wake.

Bi Rufina alikuwa jirani yake. Waligawana ukuta mmoja, na chumvi, na moto wa asubuhi. Obdulia ndiye aliyedarizi nguo za harusi za mabinti zake wote. Tangu siku ile Obdulia alianza kuzisikiliza salamu za jirani yake kama mtu anayegonga chungu kutafuta ufa. "Umeamkaje, mwaya?" Akajiuliza: kwa nini leo kasema mwaya? "Nimekuletea tamale za iguana." Kwa nini iguana, naye anajua nazipenda? Alizila, unga wa mahindi uliofungwa majanini na nyama ya mjusi yule mkubwa ndani, zilikuwa tamu, na utamu wenyewe ukamtia mashaka.

Crisanta aliugua siku chache kabla ya kanisa kufunguliwa. Padri Anselmo aliitwa akaja mbio, bila koti, akapita kati ya makreti ya bia mpaka chumba cha nyuma, akapiga magoti sakafuni kwenye maji ya barafu na kumpaka mafuta matakatifu kwenye paji na viganja. Alimwita binti yangu. Alimpa komunyo. Obdulia alisimama mlangoni akitafuta kasoro: jicho lililokwepa, mkono uliosita. Hakuona. Ikamkera.

"Umeona?" Crisanta akanong'ona padri alipotoka. "Mtu mwema yule."

"Ndani ya chumba chako, ndiyo."

"Obdulia, kisima, kisima," Crisanta akasema, akacheka, na kucheka kulimchosha. Alfajiri alikuwa amekwenda.

Misa ya mazishi ikawa kwenye kikanisa. Padri alieleza kwa upole kwamba kanisa kubwa lisingeweza kutumika kabla Monsinyori wa jimbo hajaja Jumapili kulibariki. Ilikuwa sababu ya kweli, na Obdulia alishindwa kuibishia. Lakini mlango wa uchochoroni ulikuwa umepimwa kwa watu waliosimama wima, si kwa jeneza, na hasa si kwa jeneza la Crisanta. Wabebaji walijaribu hivi, wakajaribu vile. Mwuza mkaa akatoka kutazama. Mwishowe wakalilaza ubavu, kama kabati linavyohamishwa, na wote waliokuwa pale walisikia mwili wa Crisanta ukiteleza ndani na kugonga ubao.

Padri alikuwa mweupe kama chokaa ya Chano. Obdulia aliisikia ile sauti usiku na mchana.

Kwetu mtu akishazikwa, maua mabichi hutandikwa sakafuni nyumbani kwake, mbele ya mtakatifu wa nyumba ile, kwa urefu wa mtu aliyelala. Marehemu hulala hapo mpaka novena, sala za siku tisa, iishe. Maua yanapokauka, naye anaondoka kidogo kidogo, na siku ya tisa huzolewa na kupelekwa kaburini. Kabla ya hapo hayavukwi, hayaguswi, hayasogezwi. Hata walevi huyazunguka.

Obdulia ametandika vitanda vya maua vya nusu ya mji. Kile cha Crisanta alikitandika Ijumaa jioni alipokuwa peke yake, akilipamba kanisa jipya kwa ajili ya Jumapili. Alikitandika katikati kabisa, mbele ya altare kuu, chini ya ngazi: majani ya ndizi chini, kisha maua meupe, kisha maua mekundu kama kilemba cha jogoo pembeni, kitanda kipana kama mwenyewe alivyokuwa mpana. Alijua Crisanta alikuwa ameridhika na kikanisa chake. Alijua anamsemea maiti neno ambalo maiti hakulisema. Akaendelea kutandika.

Jumamosi asubuhi kina mama walifika na mafagio, wakasimama. Padri akaingia nyuma yao.

"Hiki ni nini?"

"Kitanda cha Crisanta, Padri," Obdulia akasema.

"Nilidhani huwekwa nyumbani kwa marehemu."

"Huwekwa mbele ya mtakatifu wa nyumba yake. Mtakatifu wake ndiye yule."

Wote wakageuka kumtazama Mtakatifu Vinsenti, aliyesimama kando ya altare kuu kwa joho jipya, amewekwa na padri mwenyewe juzi. Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Kesho Monsinyori anakuja," padri akasema. "Maandamano yatapita wapi?"

"Pembeni. Ni papana."

"Dada Obdulia, tafadhali. Tukihamishe taratibu, kwa heshima zote, tukiweke kwenye kikanisa chenu. Pale ndipo pake."

Akatafuta wa kumsaidia. Chano alikuwa anakagua dari. Kina mama walikuwa wanakagua mafagio. Padri akasubiri, akatabasamu, kisha akakunja mikono ya kanzu.

"Basi nitaanza mimi."

Aliinama, na vidole vyake vilikuwa karibu na ua la kwanza Bi Rufina alipopiga kelele.

"Padri! Usiguse hapo!" Alikuwa amedondosha ndoo, maji yakimwagikia miguuni. "Hapo pana mtu."

Padri akanyooka. Alitazama maua, akamtazama Bi Rufina, akatazama nyuso zile nyingine moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu alionekana mtu aliyefika ugenini.

Obdulia hakufurahi. Alijiuliza kama jirani yake amemtetea Crisanta, au amejiogopea mizimu tu.

Jumapili Monsinyori alilibariki kanisa akiyazunguka maua, ameinua pindo la kanzu kama mtu anayekwepa dimbwi. Na kila jioni, kwa kuwa maua yalikuwa pale, novena ilisaliwa palepale. Wafiwa ndio hukaa karibu na maua, kwa hiyo muxe walikaa benchi la mbele, wameingia mlango mkubwa na mishumaa yao, na majirani wakaja nyuma yao kwa sababu jirani asiyekwenda novena husemwa mpaka anakufa. Kikanisa cha kando kilibaki kitupu, kikinuka chokaa.

Padri alikuja kuketi na Obdulia jioni moja watu walipokwisha kuondoka.

"Kwa nini hukuniambia? Ungeniomba, ningekuruhusu."

"Ndiyo maana sikuomba. Ruhusa ni yako kuitoa, na ni yako kuichukua tena."

Padri akayatazama maua. "Nilitaka msitazamwe vibaya."

"Tumetazamwa maisha yetu yote, Padri. Hatujafa kwa kutazamwa."

"Nimemwambia Chano asilizibe lile tao."

Obdulia aliinamisha kichwa kama aliyeshukuru. Alipotoka alipitia uani, akaziona zile mbao za majani na zabibu. Hazikuwa zimekatwa wala kuuzwa. Zilikuwa zimeegeshwa ukutani na kufunikwa vizuri zisilowe.

Asubuhi ya siku ya tisa alipiga magoti kuyazoa maua makavu kwenye vikapu. Bi Rufina akaja akapiga magoti upande wa pili, bila kuulizwa, kama jirani anavyotakiwa. Wakazoa pamoja mpaka Obdulia aliposhindwa kuvumilia.

"Ni wewe uliyesema tuwekwe kando?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Bi Rufina akachambua ua kavu kutoka kwenye majani ya ndizi. "Ukikaa mbele yangu sisali. Naona nguo yako tu. Naanza kuhesabu nyuzi, naangalia yangu, natamani kulia. Umri huu!"

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Ndiyo hiyo."

"Rufina."

"Umeniuliza, nimekujibu. Unataka nikuapie kwa nani?"

Obdulia alimtazama usoni, uso alioujua kuliko wake mwenyewe, na hakuona chini yake pana nini. Pengine ilikuwa kweli. Pengine ilikuwa kweli ndogo iliyotangulizwa ili kubwa isionekane.

Vikapu vikajaa, sakafu ikafagiliwa, na pamoja na maua ikaondoka haki yao ya benchi la mbele. Hawakuwa wafiwa tena. Watu walianza kuingia kwa ajili ya Misa ya kumaliza novena, wakajaza mabenchi kwa mazoea yao, na muxe walisimama nyuma wakimtazama Obdulia. Tao la kikanisa lilikuwa wazi, na ndani mlikuwa na viti vipya, vimepangwa, vinangoja. Wawili watatu wakaenda huko, miguu inauma. Yeye alibaki amesimama kwenye nguzo.

Wakati wa komunyo ulipofika alijikuta yuko kwenye foleni. Mbele yake mwuza mkaa, nyuma yake mtu asiyemjua. Alimtazama padri mkononi njia nzima. Padri Anselmo alisema "Mwili wa Kristo" kama alivyowaambia wengine, si kwa sauti kubwa zaidi wala kwa huruma zaidi, na Obdulia akasema "Amina," akapokea.

Sasa ilibidi arudi mahali. Watu hurudi kwenye mabenchi yao, naye hakuwa na lake. Alitembea katikati ya kanisa, hostia ikiyeyuka mdomoni, watu wakiinamisha vichwa, wengine wakiinua. Kwenye benchi la katikati alikuwa Bi Rufina, mwisho kabisa, karibu na njia. Obdulia alisimama pale.

Bi Rufina hakugeuka. Macho yake yalikuwa altareni, midomo ikisali. Lakini alijiinua kidogo, akasogea ndani, na pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Labda alimpisha. Labda alimkwepa. Obdulia alisubiri aone ishara yoyote, haikuja, akakusanya sketi yake, akakaa.